Kijiko Kimoja cha Oili

Hadi saa nne asubuhi ya Ijumaa, Inspekta alikuwa ameshaelezwa njia mbili za kutunza mashine ya kupiga makasia, na njia zenyewe hazikupatana hata kwa neno moja.

Ya kwanza aliipata kituoni kwa Fundi, mahabusu wa siku ya tatu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la saruji akieleza kwa mikono kana kwamba mashine iko mbele yake.

"Oili nyepesi, kijiko kimoja cha chai," alisema. "Humwagii mnyororo, unamwagia tambara. Unavuta mpini mpaka mnyororo utoke wote, unaupitisha ndani ya tambara, kwenda na kurudi. Halafu tambara kavu, unafuta ziada. Ukiona unang'aa, umezidisha. Reli ya kiti huitii kitu. Reli ni kitambaa na maji kidogo, kila siku."

"Na Jumatatu ulifanya hivyo?"

"Jumatatu sikwenda, afande. Nililala na homa. Muulizeni mke wangu."

Mke wake alikuwa ameshaulizwa. Alikuja kwa miguu, ujauzito wa miezi minane, akatoa maelezo ya kurasa tatu. Mkuu wa kituo aliyasoma yote, akayarudisha mezani na kutoa hukumu ya neno moja: "Mke."

Njia ya pili aliipata sasa hivi, ndani ya jimu, kwa mwenye jimu mwenyewe, ambaye wafanyakazi wake walimwita Bosi. Alikuwa amevaa suti ya michezo isiyowahi kuonja jasho.

"Mimi huwa naipulizia," alisema Bosi, akanyanyua kopo la dawa ya kutu kutoka juu ya kabati. "Kiti kilikuwa kinalia. Wateja wakalalamika. Nikapuliza, kikanyamaza."

"Ulipuliza wapi?"

"Reli. Mnyororo. Kila kinachosogea."

"Lini?"

"Nikiona kinalia."

Inspekta aliitazama mashine. Ilikuwa palepale ilipokuwa Jumanne, karibu na ukuta wenye vioo: gurudumu la feni ndani ya kizimba chake mbele, reli ndefu, kiti, mahali pa kukanyagia. Tundu la mnyororo lilikuwa wazi na mpini haukuwepo, maana vyote viwili vilikuwa maabara. Mita moja na nusu nyuma ya reli ilisimama stendi ya vyuma vizito. Pembe yake ya chini ilikuwa imefungwa utepe wa polisi.

Pembe hiyo ndiyo iliyomuua Mwalimu. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miaka sitini na miwili, aliyepasuliwa moyo mwaka jana na kuambiwa na madaktari afanye mazoezi. Alikuja hapa kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya wateja wengine. Jumanne alivuta mpini, mnyororo ukaachia, akaenda kinyumenyume na kiti chake, na kisogo kikagonga chuma. Alikata roho Jumatano mchana. Maziko yalikuwa kesho, saa nne.

Na saa kumi ya leo, ama Fundi afunguliwe mashtaka ya kuua bila kukusudia, ama aachiwe. Mwana mkubwa wa marehemu hakutaka kusikia habari ya kuachiwa. Alipiga simu kila saa, na kila saa alikuwa anauliza swali lilelile kwa sauti ya juu zaidi.

Kilichomfunga Fundi kilikuwa daftari. Inspekta alilifungua juu ya meza ya mapokezi.

"Hili daftari ulishawahi kulisoma?" alimuuliza Bosi.

"Lipo kwa ajili ya wakaguzi."

"Sikuuliza lipo kwa ajili ya nani."

Inspekta alimgeuzia ukurasa, akaweka kidole. Kila baada ya wiki tatu Fundi alikuwa ameandika mistari ileile kwa mwandiko mdogo wa kulala: *Mnyororo: oili kijiko 1, kwa tambara. Ziada imefutwa. Reli imefutwa kwa maji.* Na chini yake, kwa kalamu nyekundu: *TAFADHALI reli isitiwe mafuta. TAFADHALI mnyororo usisafishwe kwa dawa ya madoa.* Inspekta alifunua ukurasa, na mwingine, na mwingine.

"Amekuomba mara sita," alisema. "Kwa kalamu nyekundu."

"Mimi nina mashine ishirini na nne humu ndani, afande."

"Haya. Jumatatu. Maelezo yako ya Jumanne yanasema, 'Nilimwona Fundi Jumatatu saa tisa akishughulikia mashine.' Ulimwona?"

"Huwa anakuja Jumatatu."

"Huwa."

"Kila baada ya wiki tatu, Jumatatu."

"Bosi, nisikilize vizuri, maana tangu asubuhi nauliza maswali mafupi napewa majibu marefu. Jumatatu hii, kwa macho yako, ulimwona Fundi akiingia kwenye mlango ule?"

Bosi alitazama mlango, kisha kopo lake la dawa ya kutu. "Niliona daftari limeandikwa."

"Kwa hiyo uliona daftari."

"Si maana yake ni ileile?"

Inspekta alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya sentensi iliyomweka mtu ndani siku tatu, akaandika mpya na kumpa Bosi atie sahihi. Bosi alitia sahihi polepole.

Baada ya hapo alilisoma upya lile ingizo la Jumatatu. Lilikuwa kwa herufi kubwa: *MNYORORO UMEPAKWA GRISI. UPO SAWA.* Chini yake sahihi ya Fundi, au kitu kilichofanana nayo. Wenzake kituoni walikuwa wameitazama sahihi, wakailinganisha na nyingine, wakasema inafanana. Hakuna aliyesoma maneno. Mtu aliyeandika "oili kijiko 1, kwa tambara" miaka miwili mfululizo, siku moja aandike grisi?

Alifunga daftari, akaomba aitiwe mfanyakazi wa usafi.

Mfanyakazi wa usafi alikuwa mama wa makamo ambaye jimu nzima ilimwita Shangazi. Alikuja akiwa ameshalia.

"Nifunge mimi, mwanangu," alisema kabla hajakaa. "Usiku silali. Nifunge tu, mwache yule baba wa watu aende kwa mkewe."

"Kaa kwanza, Shangazi. Nikufunge kwa lipi?"

"Ule mnyororo nilikuwa nausugua. Kwa dawa ya madoa."

Njia ya tatu. Inspekta alibonyeza katikati ya nyusi zake kwa vidole viwili.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mweusi. Mimi nikiona kitu cheusi nakisugua. Taulo za wateja nyeupe, wanafutia mikono, zinarudi na mistari. Nani anayefokewa? Mimi."

"Kwa hiyo Fundi anatia oili, wewe unaitoa."

"Sikujua ni oili. Nilijua ni uchafu."

"Na Bosi anapuliza dawa ya kutu juu yake."

"Hiyo nayo ilikuwa inaacha madoa. Nikawa naisugua."

Inspekta aliandika. Mashine iliyohitaji kijiko kimoja cha oili ilikuwa imehudumiwa na watu watatu kwa bidii, na mnyororo wake ulikuwa mkavu kama mfupa. Lakini ukavu hula mnyororo pole kwa pole, kwa kutu na kukwaruza. Ripoti ya maabara, iliyofika jana ikiwa na mistari minne tu, ilisema kitu kingine: *Mnyororo umeachana kwenye sehemu ya kuungia. Kiungo chenyewe hakikuletwa.* Inspekta alikuwa amewauliza wenzake kiungo kiko wapi. Walikuwa wametazamana.

"Jumanne, baada ya Mwalimu kuanguka," alisema, "wewe ulifanya nini?"

"Nilifagia."

"Kabla ya polisi kufika."

"Kulikuwa na damu, mwanangu. Watu wanaingia, wanaona. Ningeiachaje damu ya mama wa mtu sakafuni?"

"Ulipofagia, uliokota chochote?"

"Vitu vya kawaida tu. Kibanio cha nywele. Nilikitia kwenye boksi la vilivyopotea."

Boksi lilikuwa chini ya meza ya mapokezi. Inspekta alimimina vilivyomo juu ya gazeti: hereni moja, funguo mbili, miwani isiyo na mkono, soksi ya mtoto. Na kipande chembamba cha chuma, kirefu kama ukucha wa kidole cha mwisho, kimepinda mfano wa mdomo uliofumba. Kilikuwa na utando wa kahawia ulionata.

"Hiki ndicho kibanio cha nywele?"

"Mimi nywele zangu nafunga kitambaa," alisema Shangazi. "Nitajuaje?"

Inspekta alikinyanyua kwa kibano, akakinusa. Ilikuwa grisi.

Alikuwa bado anaandika lebo ya bahasha wakati mlango wa vioo uliposukumwa na kijana mrefu mwenye mabega mapana akaingia. Alikuwa kocha wa jimu, na pia kitinda mimba wa marehemu. Ni yeye aliyempangia mama yake mazoezi baada ya kupasuliwa, na Jumanne alikuwa amesimama pembeni yake. Kwa kuwa amefiwa, polisi walimwandikia maelezo ya nusu ukurasa wakamwachia aende msibani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Inspekta. "Nimefuata viatu vya mama. Nyumbani wanavitaka."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Sitakuweka. Kuna swali nimewauliza watu wote tangu asubuhi, nawe nikuulize ili karatasi zangu zikamilike. Mashine hii mnaitiaje mafuta?"

"Mimi si fundi."

"Hata Bosi si fundi, lakini amenijibu."

Kocha alikaribia kutabasamu, akashindwa. "Unapaka grisi kwenye mnyororo, unafuta, basi. Si kazi kubwa."

"Grisi."

"Ndiyo. Grisi."

"Fundi alikufundisha hivyo?"

"Nilimwona tu." Akaongeza, "Jumatatu."

"Ulimwona Jumatatu akipaka grisi."

"Nilikuwa na mteja. Nilimwona kwa mbali."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa. Kama Bosi alivyosema."

Maelezo ya Bosi yalikuwa kwenye faili la polisi, si gazetini. Inspekta hakusema hivyo. Alimshukuru, akamwacha apite kwenda kwenye makabati. Alirudi na viatu vyeupe vya mazoezi na taulo iliyokunjwa, akaaga kwa kuinamisha kichwa, akatoka na kushika njia kwa miguu.

"Maskini," alisema Shangazi, akimfuata kwa macho. "Hata baiskeli yake ameisahau. Imekaa huko nyuma tangu Jumatatu, nafagia naizunguka."

Inspekta alisimama. "Huko nyuma wapi?"

Ilikuwa kwenye korido nyembamba nyuma ya bafu, imeegemezwa ukutani kati ya ndoo na mipira iliyopasuka. Baiskeli ya zamani, imara, isiyo na gia. Mnyororo wake haukuwa umezunguka kitu. Ulikuwa umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuning'inizwa kwenye usukani, na ncha zake mbili zilikuwa wazi. Inspekta alizileta pamoja kwa mikono yenye glavu. Zilikataa kukutana. Kiungo cha kuziunganisha hakikuwepo.

Aliupiga picha, akautia kwenye bahasha kubwa, akatoka nje kwenye gari. Simu ikaita. Ilikuwa ni kaka mkubwa wa Kocha.

"Inspekta, ameshafunguliwa mashtaka?"

"Bado."

"Mnasubiri nini? Daftari lipo, sahihi ipo. Kesho namzika mama yangu. Nataka nikisimama pale kaburini niwe na jibu."

"Utakuwa nalo," alisema Inspekta. "Niache nifanye kazi nikupatie la kweli."

Kaka mkubwa alikata simu bila kuaga.

Saa saba mchana Fundi alitolewa mahabusu na kuletwa kwenye meza ya Inspekta. Kipande cha chuma kilikuwa juu ya karatasi nyeupe.

"Usikiguse. Niambie ni nini."

Fundi aliinama, akakitazama muda mfupi tu. "Klipu. Ya kiungo cha mnyororo. Ya baiskeli."

"Ya mashine ya makasia?"

"Hapana. Mnyororo wa mashine ile hauna kiungo cha kuungia. Umetoka kiwandani mzima. Ukikatika, unatupa unaweka mwingine."

"Na mtu akiuunga kwa hiki?"

Fundi alitaka kusema kitu, akaacha, akaomba kalamu. Alichora karatasini vijiduara viwili na klipu juu yake.

"Afande, klipu ina kichwa na ina mdomo. Kwenye baiskeli kichwa kinatazama mbele, mnyororo unakokwenda, ili hata kikigusa kitu kisifunguke. Baiskeli inakwenda mbele tu. Hii mashine unavuta, mnyororo unakuja, unaachia, unarudi. Kila mvuto mmoja, mara mbili. Ukiiweka klipu huku, itagonga wakati wa kurudi. Ukiigeuza, itagonga wakati wa kuvuta. Hakuna upande ulio sahihi."

"Ingekaa muda gani?"

"Mivuto mia moja. Mia mbili. Inategemea nani anavuta." Aliweka kalamu chini. "Nani aliiweka?"

"Hapa panasema ulipaka grisi." Inspekta alimsogezea daftari.

Fundi alisoma ule mstari. Kwa mara ya kwanza katika siku tatu, uso wake ulikasirika.

"Grisi," alisema. "Mimi? Grisi kwenye mnyororo ule inashika vumbi, inakuwa msasa. Nimewaandikia kila kitu humo ndani. Nimewaandikia kwa rangi nyekundu." Alirudisha daftari kwa nguvu. "Siku tatu nimekaa kule. Hakuna hata mmoja wenu aliyenionyesha mstari huu. Mlinionyesha sahihi tu."

"Ni kweli," alisema Inspekta. "Hatukukuonyesha."

Alimwandikia maelezo mapya mwenyewe, kwa mkono wake, akamsomea, kisha akamwagizia chai. Halafu alimtuma koplo kwa gari lisilo na alama akamlete Kocha kutoka msibani, kwa heshima, bila pingu, kwa maelezo kwamba kuna karatasi ya kutia sahihi.

Kocha alifika saa nane na nusu. Inspekta hakumkalisha kwenye chumba cha mahojiano. Alimkalisha ofisini kwake, akafunga mlango. Aliweka mezani vitu vitatu, kimoja baada ya kingine: daftari lililofunguliwa, mnyororo wa baiskeli na klipu.

Kocha alivitazama. Hakuuliza vimetoka wapi.

"Leo nimedanganywa na watu wengi," alisema Inspekta, "wengine bila hata kujua kwamba wanadanganya. Nimechoka. Sitakuuliza kama ni wewe. Nitakuuliza mnyororo ulikatika lini mara ya kwanza."

Nje, mtu alikuwa anabishana na koplo kuhusu leseni.

"Jumatatu," alisema Kocha. "Saa saba mchana."

"Nani alikuwa anavuta?"

"Mimi. Kulikuwa na mteja mmoja, anajisifu ana pumzi. Tukashindana. Bosi alishatukataza kushindana kwenye ile mashine. Nilivuta kwa nguvu zote, ukakatika. Ulikuwa mkavu, umekula kutu kwa ndani. Mpini ukanijia kifuani. Tukacheka."

"Halafu."

"Mteja akaondoka. Bosi hakuwepo. Nikasema nitauunga, atakuja Fundi ataona, tutaongea wawili. Nikatoa kiungo kwenye baiskeli yangu. Nikapaka grisi ili isionekane. Nikaujaribu. Nilivuta mara mia, mama, kwa kuhesabu. Ulishika."

"Na Fundi hakuja."

"Hakuja. Nikaogopa Bosi ataona grisi atauliza. Ndipo nikaandika kwenye daftari. Nilidhani hakuna anayelisoma."

"Hakuna aliyelisoma," alisema Inspekta. "Hapo hukukosea. Jumanne asubuhi mama yako alifika."

Kocha alishika ukingo wa meza.

"Nilimwambia atumie mashine ya kutembea. Akasema ile inamchosha magoti. Akakaa. Nikasema moyoni, ulishika mia, utashika. Yeye huvuta mia na hamsini, polepole." Sauti yake ilishuka. "Siku ile alikuwa na furaha. Daktari alikuwa amempunguzia dawa. Akasema nimhesabie, anataka kuvuta kwa nguvu kidogo mwishoni. Nikawa namhesabia. Nilikuwa namwambia, vuta mama, vuta."

Inspekta alimsogezea glasi ya maji.

"Na walipomkamata Fundi?"

"Nilikuwa hospitali. Kaka akaja akasema wamempata aliyefanya, kuna sahihi. Baba alikuwepo. Akasema, 'Afadhali.' Baada ya hapo ningesemaje?"

"Kwa mdomo," alisema Inspekta. "Ungesema kwa mdomo, kama unavyosema sasa. Jumanne ingekuwa ajali na uzembe. Ningekuandikia hivyo na kila mtu angekulilia. Ulipokaa kimya ukawa umemfunga mtu. Ana mke ambaye anakaribia kujifungua. Amekuja hapa kwa miguu mara mbili. Unajua mlinzi wa getini alimwambia nini? Alimwambia arudi akishapata wakili."

Kocha aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza.

"Naomba kaka asijue mpaka mama azikwe," alisema. "Siku moja tu."

"Hiyo siku moja ningeitoa kwa nani? Kwa Fundi?"

Inspekta alivuta karatasi za maelezo, akamwonyesha pa kuanzia kuandika.

Saa tisa na robo, mkuu wa kituo alisoma kurasa zote kwa kusimama. Aliuliza kama grisi ya kwenye klipu na ya kwenye baiskeli ni moja; Inspekta akasema sampuli zote mbili ziko njiani kwenda maabara na safari hii amezifunga yeye mwenyewe. Mkuu wa kituo alitia sahihi hati ya kumwachia Fundi bila kusema hata lile neno lake moja.

Fundi aliletwa kaunta kuchukua mkanda wake, kamba za viatu na simu. Kocha alikuwa kwenye benchi la korido, sahani tupu miguuni na koplo pembeni yake. Hapakuwa na njia nyingine ya kutoka, na Inspekta alikuwa ameshachelewa kulifikiria hilo.

Kocha alisimama.

Fundi alimtazama, kisha akaitazama mikono ya kijana, ambayo bado ilikuwa na weusi wa grisi kwenye kingo za kucha.

"Sikuwahi kukupa pole," alisema Fundi. "Mama yako alikuwa ananisalimia kila nikija. Pole."

"Fundi, mimi..."

"Namba yangu imeandikwa kwenye ile mashine. Chini ya kiti. Kubadilisha mnyororo ni dakika ishirini." Alikuwa anaongea bila kupaza sauti, kama anayemwelekeza mtu kazi. "Hata Bosi asingejua. Ungenipigia tu."

Akafunga mkanda wake na kutoka. Kupitia dirishani Inspekta alimwona mkewe akinyanyuka taratibu kwenye ngazi za nje, mkono mmoja kiunoni, na Fundi akimshika kiwiko. Waliondoka kwa miguu.

Simu haikumngoja Inspekta aipige. Iliita saa tisa na dakika hamsini.

"Inspekta. Zimebaki dakika kumi."

"Nimemwachia Fundi," alisema. "Hakufika pale Jumatatu. Aliyeunga mnyororo na kuandika kwenye daftari ni mdogo wako. Amekiri, na vielelezo ninavyo. Hakukusudia. Lakini alinyamaza."

Upande wa pili zilisikika sauti za msibani: viti vya plastiki vikiburutwa, mwanamke akiagiza maji. Kaka mkubwa hakupaza sauti. Inspekta alikuwa na majibu tayari kwa matusi, kwa kukanusha, kwa jina la mwanasheria.

"Baba yuko hapa," alisema kaka mkubwa hatimaye. "Amekaa mbele yangu. Tangu saa nane ananiuliza mdogo wangu ameitwa wapi. Nimwambie nini?"

"Usimwambie."

"Nimdanganye?"

"Waongo leo nimewasikia wa kutosha. Mwambie yuko kwangu, ni mzima na amekula. Hayo matatu ni kweli. Kesho saa mbili nitamleta mwenyewe, kabla hamjaondoka kwenda kuzika. Atamwambia baba yake kwa mdomo wake, na mimi nitakuwa mlangoni."

Kaka mkubwa aliuliza, kwa sauti ya mtu mdogo kuliko yeye, kama ataletwa na pingu.

Inspekta alitazama koridoni. Kocha alikuwa amekaa, amepakata vile viatu vyeupe ambavyo alikuwa hajamkabidhi mtu nyumbani, akivifunga kamba na kuzifungua.

"Hapana," alisema. "Mikono yake iwe wazi. Mzee atataka kuishika."

Alikata simu na kwenda kumwambia koplo kwamba hati ya kukamatwa ataiandika yeye mwenyewe.